Nilivyouzunguka Mlima na Mtawa Asiyekula Baada ya Saa Sita

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Nyeri ananiuliza swali moja: "Mwalimu, uliupata ule mwangaza?" Na akishauliza anacheka kabla sijajibu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaaga nyote baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi, nikawatangazia kwamba naenda kuuzunguka mlima na watu wanaojua mambo ya kuamka kwa akili, na kwamba atakayerudi hatakuwa Kariuki mnayemjua. Sasa nimechoka kusimulia vipande vipande kando ya barabara. Someni hapa, halafu mniache.

Nyeri hadi Nanyuki

Wageni wangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bhante Sumana, mtawa wa Kibuddha mzaliwa wa Sri Lanka. "Bhante" si jina, ni namna ya kumwita mtawa kwa heshima. Ameishi Dar es Salaam miaka mingi, na Kiswahili chake kilinitia aibu mimi mwenyeji. Wa pili ni Emiko, mama wa Kijapani, muuguzi mstaafu anayeishi Nairobi, ambaye kila asubuhi huketi ameelekea ukuta saa nzima bila kufanya lolote. Waliletwa kwangu na rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu. Walitaka kuuzunguka Mlima Kenya huku mlima ukiwa mkono wa kulia, kwa sababu ndivyo wanavyokizunguka kitu wanachokiheshimu. Mimi nilikuwa na gari, nilikuwa na nafasi, na nilikuwa na vijitabu vinne juu ya Buddha nilivyonunua baada ya kustaafu. Kimoja nilikimaliza.

Kabla ya kuondoka Bhante alinieleza kanuni moja tu. Saa sita ya mchana ikishapita, hali chakula tena mpaka kupambazuke kesho yake. Ni ahadi aliyoiweka alipoingia utawa akiwa kijana.

"Hata mimi nitafunga hivyo hivyo safari nzima," nikasema.

Hakuna aliyekuwa ameniomba. Bhante alinitazama kidogo. "Si lazima, Mwalimu."

"Ni lazima," nikasema, nikawasha gari kwa fahari.

Tulikuwa tunakaribia Kiganjo simu ilipolia. Nilipoona jina nikasimamisha gari kando. Alikuwa dada yangu Wangari, wa Kianyaga, ambaye hatukuwa tumezungumza naye kwa miaka mitatu. Wengine wenu mlikuwepo siku tulipomzika mama, kwa hiyo mnajua. Ratiba ilikuwa imechelewa, mawingu yalikuwa yamekusanyika, na dada alikuwa amesimama anasimulia maisha ya mama. Mimi, mlinzi wa saa, nikamnyang'anya maikrofoni mkononi na kusema mbele ya watu wote kwamba anatupotezea wakati. Kisha nikaingia kwenye gari nikaondoka bila kuonja chakula chake. Maneno yangesameheka. Kuondoka kwenye mazishi ya mama yenu bila kula kwa dada yako mkubwa ni jambo jingine.

"Mwalimu," dada akasema. Zamani alikuwa akiniita Kariuki. "Nasikia kwa bibi yako ati uko na wageni. Hiyo siku ya tatu mutapitia hapa kwangu. Chakula itakuwa tayari saa sita."

"Sawa, dada. Asante. Tutakuja," nikasema, nikakata simu.

Mtauliza kwa nini sikumwambia habari ya mtawa na saa yake. Kwetu, chakula cha saa sita huliwa saa nane, na mimi nalijua hilo tangu kuzaliwa. Ningeweza kusema, "Dada, pika cha saa nne." Niliogopa. Mara ya mwisho nilipompangia dada yangu saa, tulipoteza miaka mitatu. Niliwaeleza wageni, na Bhante akasema tukifika mapema hakutakuwa na shida yoyote.

Nikabadilisha mazungumzo nikawauliza swali kubwa: huko kuamka kwenyewe ni nini? Bhante alijibu taratibu. Ndani ya mtu kuna moto wa tamaa, wa chuki na wa kutojua. Asiyeuongezea kuni, siku moja unazimika, naye anakuwa huru. Ni njia ndefu yenye hatua zake, na huenda maisha ya mtu mmoja yasitoshe.

"Mimi sioni hivyo," Emiko akasema kutoka nyuma. "Hakuna mahali ya kufika. Ile akili unatafuta ndiyo hiyo unatumia kutafuta. Ukiacha kukimbia kidogo tu, unaona ilikuwa hapo."

"Kwa hiyo nyinyi wenyewe mmeshaamka?" nikauliza.

Bhante akacheka. Alisema kanuni haimruhusu mtawa kujitangaza kwa watu. Emiko akasema, "Nikikuambia ndiyo, ujue ni hapana." Nilikumbuka tangazo langu la baada ya ibada, nikaangalia barabara.

Nanyuki

Saa tisa alasiri ya siku ile ya kwanza, tumbo langu lilikuwa limejitenga nami na linapiga kelele peke yake. Wageni walikuwa wanapumzika. Nikasema naenda kunyoosha miguu, na miguu ikanipeleka moja kwa moja hadi soko la mifugo, ambako niliamini hakuna anayenijua. Nilinunua sambusa tatu za nyama nikajificha nyuma ya lori la mbuzi.

Nilikuwa kwenye ya pili nilipoona mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa ananitazama. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, akaniambia anaitwa Abdi.

"Wewe uko na shida gani?" akauliza. "Unakula kama mtu amefunga na anaogopa kuonekana."

Nilimweleza, kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na sambusa mdomoni. Nilimwambia juu ya mtawa, na kanuni, na jinsi nilivyojitolea. Kanuni yenyewe aliielewa mara moja, hata akasema huyo mtawa anaonekana mtu wa maana. Mimi ndiye sikueleweka.

"Mimi nikifunga nafunga kwa ajili ya Mungu," akasema. "Huyo mgeni yako anafunga kwa ajili ya hiyo ahadi yake. Wewe ulifungia nani?"

Nilisema nitafikiri. Kisha nikamaliza ya tatu.

Usiku huo nililala fofofo kwa shibe. Asubuhi mlima ulijitokeza wote, theluji na kila kitu, kwa muda mfupi kabla mawingu hayajaufunika. Bhante na Emiko waliuona wakiwa wamesimama uani. Mimi nilisimuliwa kwenye kiamshakinywa. Haukujitokeza tena safari nzima, kwa hiyo ukweli ni kwamba niliuzunguka mlima wetu kwa siku nne bila kuuona.

Nanyuki, Meru hadi Chuka

Kupita Timau, kukiwa na mashamba ya ngano pande zote, waliendelea kubishana. Kubishana kwao ni kwa ajabu, kwa sababu hakuna anayepandisha sauti. Emiko alisema katika njia yake kuna nadhiri: mtu anaahidi kwamba hatavuka ng'ambo peke yake, atabaki huku mpaka wote wavuke. Kuamka kwa mtu mmoja anayewaacha wengine nyuma, kwake si kuamka kamili.

"Lakini asiyejua kuogelea atamwokoa nani?" Bhante akauliza. "Afadhali ajifunze yeye kwanza, ndipo awafae wengine."

Mimi nilikuwa upande wa yeyote aliyezungumza mwisho. Kufika Meru nilikuwa nimebadilisha msimamo mara tano, na kila mara nilikuwa na hakika.

Hoteli ya Meru ilileta chakula ikiwa imebaki robo saa kufika saa sita. Mimi nilimfokea mhudumu, nikasimama mlangoni pa jikoni, nikarudi, nikasimama tena. Bhante alikula bila haraka, akaacha alipoona dakika zimekwisha, ingawa ndizi zilikuwa nusu sahani. Mhudumu aliponiletea maji aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee wa nguo ya rangi ya machungwa ni wa kanisa gani?" Nikamwelezea dini ya Buddha tangu mwanzo, nikisaidiwa na kijitabu nilichokimaliza. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Basi amwombee mama yangu mguu," akaenda kumwambia mwenyewe. Bhante alimsikiliza habari za huo mguu muda mrefu kuliko nilivyochukua mimi kueleza dini nzima.

Jioni hiyo, Chuka, nililala njaa kweli. Naomba hilo liandikwe.

Chuka hadi Kianyaga

Siku ya tatu tuliondoka saa mbili asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa tufike kwa dada saa nne na nusu, nimvute pembeni, nimweleze polepole, Bhante apewe sahani yake kabla ya wengine, na mambo yaishe kwa amani.

Gurudumu lilipasuka mbele kidogo ya Runyenjes. Nikatoa la akiba nikiwa bado natabasamu. La akiba lilikuwa limelala, halina hata pumzi, na mwenye kazi ya kulikagua nilikuwa mimi. Hapo nililipiga teke. Lilikuwa na chuma ambacho sikukiona, na kidole changu kikubwa cha mguu hakijarudi katika umbo lake hadi leo.

Nilirukaruka kwa mguu mmoja nikitamka maneno ambayo sikuwahi kuwafundisha wanafunzi. Emiko alitafuta jiwe akaketi. Bhante akanishika bega.

"Mwalimu, ule moto niliokuwa nikikueleza ndio huo."

"Najua, Bhante!" nikamfokea. Nikaomba radhi mara moja, kisha nikalifokea gurudumu.

Mwendesha bodaboda mmoja alisimama bila kuitwa, akalifunga gurudumu nyuma ya pikipiki akaenda nalo mjini kuliziba. Alirudi baada ya saa moja na dakika ishirini. Ninajua kwa sababu niliitazama saa kila dakika. Tulipopita Embu nilianza kufanya hesabu nyingine, hesabu ya mtu aliyekata tamaa. Niliwahi kufundisha jiografia, na jambo hili ni la kweli: saa zetu zimepimwa kwa mstari wa longitudo ulio mbali mashariki, kule Somalia, kwa hiyo jua letu huwa halijafika utosini saa ya mkononi inaposema saa sita. Hufika karibu nusu saa baadaye.

"Bhante," nikasema, "kanuni yenu inafuata saa au jua?"

Aliwaza. "Kanuni inataja jua. Saa ya mkononi tunaitumia kwa urahisi tu." Kisha akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya, kwa leo nakukubalia. Saa sita na nusu."

Sijawahi kuipenda jiografia kama nilivyoipenda pale.

Kwa dada

Tuliingia saa sita kasorobo. Dada hakuwa amepika chakula cha wageni wawili. Alikuwa ameandaa sherehe. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, akina mama wa kanisa wamevaa vitambaa vinavyofanana kichwani, na mbele kabisa ameketi Mzee Gachoki, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Biblia magotini. Sufuria zilikuwa zimefunikwa na mvuke unatoka kandokando.

Dada alikuja moja kwa moja kwa Bhante amenyoosha mkono. Hapo nikakumbuka jambo jingine ambalo sikumwambia: mtawa huyu hamshiki mwanamke mkono. Bhante akaunganisha viganja vyake kifuani na kuinama. Dada alipoona hivyo alidhani mgeni ameanza kuomba, akafumba macho. Akina mama nao wakafumba. Mzee Gachoki akavua kofia. Bhante alipoinua kichwa alikuta boma zima limeinamisha vichwa linamngoja amalize, na kwa adabu akanyamaza vilevile. Emiko naye akainama. Tulikaa hivyo, nadhani dakika tatu, mpaka nilipokosa la kufanya nikasema, "Amina."

"Amina!" wakaitikia, na dada akasema ni ombi zuri sana, halina kelele.

Kisha ukaja utambulisho. Mnajua kwetu. Kila mtu husimama, hutaja jina, hutaja mume, hutaja kikundi, humshukuru Mungu kwa kumtoa mbali. Watu walikuwa ishirini na watatu. Saa sita na dakika ishirini tulikuwa tumefika wa kumi na tisa. Sahani zilikuwa zimepangwa. Nilifikiri bado inawezekana. Ndipo dada akasema, "Sasa Mzee atuombee hii chakula."

Mzee Gachoki aliombea chakula. Akaombea waliokilima, na mvua, na majani chai, na kahawa, na watoto walio mijini, na barabara. Saa sita na dakika ishirini na nane alikuwa anaombea serikali ya kaunti, idara moja baada ya nyingine.

Nilifungua macho. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, lile lile la siku ya mama: "Jamani, tunapoteza wakati." Na hapo nikaona kwamba dada naye amefumbua jicho moja. Hakuwa anamtazama Mzee wala sufuria. Alikuwa ananitazama mimi, ameshika leso yake kwa mikono miwili, anangoja kuona kama nitarudia.

Nilifunga mdomo. Msidhani ulikuwa utulivu. Nilijiuma ulimi kweli, kidole cha mguu kilidunda, na nikaisikia ile nusu saa yangu ya jiografia ikiisha. Mzee alisema amina saa saba kasoro dakika kumi na saba.

Dada alipakua ya Bhante kwanza: mukimo wa viazi vya kupondwa, maharagwe meusi ya njahi, paja la kuku, chapati mbili. Akanipa nimpelekee. Nilisimama na sahani ile katikati ya watu.

"Dada," nikasema, "muda wake umepita. Huyu mgeni hali chakula saa sita ya mchana ikishapita. Nilipaswa kukuambia. Niliogopa."

Mama mmoja akanong'ona, "Labda ako na sukari."

Bhante alisimama, akaeleza mwenyewe kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka. Alisema ameshika ahadi hiyo tangu ujana, na kwamba harufu ya chakula hiki inamwonyesha wazi kuwa ule moto wake bado haujazimika wote. Akina mama wakacheka. Dada hakucheka.

"Hiyo saa yake inafunguka lini?" akaniuliza.

"Kukipambazuka."

"Basi analala hapa. Wote munalala. Kukipambazuka nitamupatia." Akaichukua ile sahani mikononi mwangu, akaifunika. Kisha akapakua nyingine, akanisogezea. "Na wewe? Wewe pia uko na saa?"

Bhante alikuwa ananitazama. Emiko, ambaye tayari alikuwa amefika nusu ya sahani yake, naye ananitazama. Nilikumbuka siku tatu za majigambo, na yule mzee wa mbuzi aliyeniuliza nimemfungia nani.

"Mimi sina saa," nikasema, nikaketi, nikala.

Dada alibaki amesimama mbele yangu. Hajawahi kuketi kula kabla kila mtu hajashiba, tangu tukiwa watoto. Nilipofika katikati akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile ya mama nilikuwekea sahani. Niliifunika mpaka jioni."

Niliacha kula. "Nilikosa, dada. Nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

"Kula kwanza, Kariuki," akasema, akaniongeza njahi.

Kianyaga, Sagana hadi Nyeri

Asubuhi ya nne, jua lilipochomoza tu, Bhante alipewa sahani yake ikiwa imepashwa moto, akaimaliza yote. Dada aliketi kando yake na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia wageni wakizungumza, na alikuwa na swali.

"Hiyo kuamka munatafuta, mutu akishaipata, kesho yake anafanya nini?"

Bhante alifikiri. "Anaamka asubuhi, anaoga, anachukua bakuli lake na kwenda kupokea chakula."

"Anakula, halafu anaosha vyombo," Emiko akasema.

"Basi vyombo ziko pale," dada akajibu, akaonyesha mlima wa sufuria za watu ishirini na watatu. Emiko aliosha, mimi nikasuuza, Bhante akafuta. Hawakubishana.

Tukiwa karibu na Sagana nilijikaza nikamwambia Bhante kwamba sikuistahili ile sifa ya kufunga, kwamba Nanyuki nilikula.

"Sambusa za nyama," akasema, macho yakiwa barabarani. "Ulirudi na harufu yake hadi kwenye kola."

Niliwashusha kituoni wakaelekea Nairobi, kila mmoja na maoni yake aliyokuja nayo. Mimi nikakata kwenda Karatina, kisha nyumbani. Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hapana. Sijui mwangaza ni moto uliozimika, au ni kitu kilichokuwepo siku zote, au ni kungoja wote wavuke. Kariuki mnayemjua amerudi huyo huyo, isipokuwa anachechemea.

Dada alikuwa amesema nikifika nimpigie. Nilimpigia nikiwa bado kwenye gari, saa nane na nusu mchana, na pembeni yangu kulikuwa na njahi alizonifungia.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Na unangoja nini?"

Nikaingia ndani kuzipasha moto.